Si kila unga mweupe ni chokaa ya shamba

Mahindi yakidumaa na majani kuwa ya zambarau ilhali uliweka mbolea ya DAP, huenda udongo una tindikali. pH ni kipimo chake: kadiri inavyoshuka, tindikali huzidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo kwenye udongo huyeyuka na kuidumaza mizizi, ikawa mifupi na minene. Fosforasi ya mbolea nayo hunaswa isiufikie mmea. Mashamba mengi ya Kakamega, Uasin Gishu na Njombe yana shida hii. Dawa ni chokaa, ila hakikisha kwanza umeuziwa chokaa ipi.

Weka kijiko kimoja cha unga kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukitoa povu, ni jiwe la chokaa lililosagwa, na povu hilo ni kaboni dioksidi. Povu likija polepole, huenda ni dolomaiti, yenye magnesi pia. Hiyo nayo yafaa. Pasipo povu, koroga unga kwenye maji, chovya litmasi nyekundu, karatasi ya kupimia tindikali. Ikigeuka bluu, yaelekea ni chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka ukuta. Isipogeuka, pengine ni jasi: humpa mmea kalisi na salfa, lakini tindikali haiigusi.

Tofauti hiyo hubadili vipimo. Kazi ya kilo 100 za jiwe safi lililosagwa hufanywa na kilo 74 za chokaa iliyozimwa, au 56 za chokaa hai, yaani jiwe lililochomwa ambalo bado halijazimwa kwa maji. Chokaa hai tunashauri uiache: ikikutana na maji huchemka, hata jasho latosha kuunguza ngozi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

Kiasi cha kuweka kitokane na majibu ya maabara. Ukiambiwa tani 1 kwa ekari, yaani mifuko 20 ya kilo 50, ni kama robo kilo kwa mita moja ya mraba. Pima robo hiyo, imwage kwenye mraba uliouchora chini, mkono uzoee. Mwaga siku isiyo na upepo, kisha lima uichanganye hadi sentimita 15, kwa sababu chokaa haishuki yenyewe. Fanya hivyo wiki 4 hadi 8 kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Kwenye vumbi kavu hakuna kinachotokea. Unga uwe laini kama wa ngano. Wenye punje kubwa huchukua miaka kufanya kazi.

Usichanganye chokaa na DAP wala mbolea ya CAN kwenye ndoo moja. Harufu kali inayokuchoma puani ni amonia, nitrojeni uliyoinunua ikipaa hewani. Majivu ya kuni hufanya vivyo hivyo. Nguvu yake ya kupunguza tindikali ni ndogo kuliko ya chokaa, na yakinyeshewa potasiamu yake huoshwa, kwa hiyo yahifadhi pakavu.

Chai usiiwekee chokaa, yenyewe hupenda tindikali. Viazi mviringo pia visifuate chokaa mara moja, maana ugonjwa wa magamba hustawi pH ikipanda.