Kabla Hujamwamsha Mtahiniwa Akakimbie

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na kila mwaka ukikaribia nawaona watoto wanakimbia barabarani alfajiri kwa sababu wameambiwa mazoezi yanafungua akili. Ni kweli, yanafungua. Lakini kuna mambo ya kuweka sawa kwanza.

Viatu viwe vimeshauzoea mguu. Giza likiwa bado nene, subirini, kuna bodaboda zinatembea bila taa. Mwenye pumu au selimundu amwone daktari kabla ya kuanza.

Anzeni miezi kabla, msingoje wiki ya mtihani. Shirika la Afya Duniani linataka mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Shule nyingine hufanya kinyume: mtoto akishakuwa mtahiniwa anaondolewa kwenye mchakamchaka ili apate muda wa kusoma. Wazazi, lisemeeni hilo kikaoni. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unatumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote, na anayeupelekea ni moyo.

Sasa kiasi, maana hapa ndipo nilipoumia mimi.

Nilikuwa mtahiniwa Morogoro. Tangu Julai nilikuwa nimeacha mazoezi kabisa, nakesha na madaftari. Siku ya Hisabati niliamka saa kumi alfajiri, nikakimbia kutoka Kihonda hadi Msamvu na kurudi, mbio za kweli, nikitaka kichwa kiamke. Sikunywa maji. Chai niliiacha mezani, nikaoga haraka nikawahi shule. Mtihani ulipoanza bado nilikuwa natoka jasho. Tone moja lilidondoka kwenye karatasi ya majibu, wino ukatanuka juu ya hesabu niliyotoka kuiandika. Swali la pembetatu nililisoma mara tatu, kila nikifika mwisho mwanzo umeshanitoka. Alama ya kutoa niliinakili kuwa ya kujumlisha, nikaendelea nayo ukurasa mzima. Mada ile nilikuwa nawafundisha wenzangu prepu. Matokeo yalipotoka, Hisabati nilikuwa nimefeli.

Miaka baadaye nikaelewa. Mwaka 2009 Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha jaribio lao kwa watoto 20. Watoto walitembea kwenye mashine dakika 20, mwendo wa wastani, na siku nyingine walikaa tu. Walipopimwa baada ya kutembea walikuwa makini zaidi, na kwenye kusoma na kuelewa walifanya vizuri zaidi. Angalieni: walitembea, hawakukimbizwa mpaka wakaishiwa pumzi, na walipewa maswali mapigo ya moyo yakiwa yameshatulia. Mimi nilikimbia mpaka nikachoka, mwili umekauka maji, usingizi wa muda wa saa nne tu. Kiu peke yake inatosha kuvuruga umakini.

Kwa hiyo siku ya mtihani ni kutembea haraka dakika 20. Kipimo ni mdomo: aweze kuongea na mwenzake bila kuhema. Amalize mapema, apumzike, aoge, anywe maji, ale. Kama ni kile kiporo cha wali alichozoea, ale hichohicho, siku hiyo si ya kujaribu chakula kipya. Mbio ndefu ziishe wiki moja kabla.

Usingizi usiguswe. Kama ili akimbie ni lazima aamke saa kumi na amelala saa sita usiku, mwacheni alale, atatembea jioni.

Na msimlazimishe anayeumwa. Wala msichukue ratiba ya mwanariadha mkampa mtoto ambaye hajakimbia tangu darasa la saba. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana, akae chini papo hapo, iteni bajaji, apelekwe kituo cha afya.