Sentimita 5 Zinatosha: Ushauri kwa Wakulima wa Mpunga wa Bonde la Pangani

Mto Lumi hutoka miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, ukapita Taveta nchini Kenya na kuingia Ziwa Jipe, ambalo Tanzania na Kenya zinalimiliki kwa pamoja. Maji yanayotoka humo kwa Mto Ruvu hukutana na yale ya Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaendelea kwa Mto Pangani hadi mitambo ya umeme ya Hale na hatimaye Bahari ya Hindi. Mto Rau, unaonywesha majaruba (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta) ya Chekereni, nao ni sehemu ya mtandao huohuo. Kwa hiyo mgawanyo wowote wa maji unaokubaliwa baina ya nchi, mikoa au jumuiya za watumia maji hautakuwa na maana ikiwa mkulima atafungulia mfereji jioni na kwenda kulala.

Hilo ndilo kosa linaloendelea kufanywa kila msimu licha ya kuonywa mara nyingi. Jaruba hukutwa asubuhi lina maji ya sentimita 15, mengine yakimwagika juu ya matuta, ilhali wakulima walio mwisho wa mfereji hawana hata ya kulainisha ardhi. Mpunga unatosheka na kina cha sentimita 5; sentimita 10 zilizozidi katika ekari moja ni takriban lita 400,000. Mpunga hauzihitaji, kina kirefu hupunguza machipukizi, na uzito wa maji hayo huyasukuma yazame ardhini kwa kasi zaidi. Wanaodai kwamba maji ya mto hayana mwenyewe wakumbuke kuwa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuchepusha maji kwa ajili ya umwagiliaji kunahitaji kibali, na kibali hutaja kiasi.

Kipimo cha kujua lini ufungulie maji ni rahisi. Chukua kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 10 hadi 15, ukitoboe matundu pande zote katika nusu ya chini, kisha ukizamishe wima hadi sentimita 15 zibaki juu ya ardhi. Ondoa udongo wote uliomo ndani, kwa sababu bomba lililojaa tope litakudanganya. Liweke mahali tambarare panapofikika kutoka kwenye tuta, wala si kando ya mlango wa maji, ambako pana unyevu kuliko kwingine.

Anza kulitumia wiki 1 hadi 2 baada ya kupandikiza. Magugu yakiwa mengi, subiri wiki 2 hadi 3, kwani maji husaidia kuyazuia. Maji yaliyomo bombani yakishuka sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi, fungulia mpaka jaruba lifike sentimita 5, kisha ziba mlango ukiwa hapohapo. Usifungulie kwa sababu tu udongo wa juu umekauka. Mizizi bado inapata maji chini. Tatizo hutokea pale zamu yako ya maji inapofika kabla maji ya bombani hayajashuka kiasi hicho. Ikiwa bomba linaonyesha kuwa maji yatakufikisha zamu ijayo, mpishe jirani. Ikiwa hayatakufikisha, chukua sentimita 5 zako, wala usiongeze kwa hofu ya kesho.

Kuna kipindi kimoja ambacho kukausha ni hasara: tangu wiki 1 kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki 1 baada yake. Hapo sentimita 5 zibaki jarubani muda wote, la sivyo utavuna mapepe, yaani maganda yasiyo na punje. Viongozi wa jumuiya wanapopanga zamu wawafikirie kwanza wenye mashamba yaliyofikia hatua hiyo, hata kama wako mwisho wa mfereji.

Mpunga ukichipua vizuri bila ardhi kupasuka nyufa kubwa, unakwenda sawa.

Mbolea ya urea iwekwe jaruba likiwa halina maji yaliyosimama, muda mfupi kabla ya kufungulia, ili maji yaishushe kwenye mizizi. Ukiimwaga katika jaruba linalofurika, fedha yako itafuata maji kwenda Kahe, huko chini ya mto.