Kusasisha programu ya kamera isiyo na kioo cha ndani
Kamera isiyo na kioo cha ndani, yenye kihisi (kipande kinachonasa picha) cha milimita 36 kwa 24, huweza kupata uwezo mpya hata baada ya kununuliwa, kwa kuwa watengenezaji hutoa matoleo mapya ya programu yake, na mara nyingi kinachoboreshwa ni ulengaji wa macho, yaani kamera kulitafuta yenyewe jicho la anayepigwa picha na kulilenga. Soma kwenye menyu namba ya toleo lililomo, kisha uilinganishe na ile ya tovuti ya mtengenezaji kwa modeli yako hasa, si ya jina linalofanana nayo. Chaji betri hadi ijae. Hamisha picha zako, jambo nililowahi kulisahau nikapoteza harusi nzima ya Lindi, ndipo ufomati kadi ndani ya kamera, unakili kwenye kadi hiyo faili ya toleo jipya uliyoipakua kwenye tovuti, nje ya folda zote, na kuanzisha usasishaji, bila kugusa swichi hadi kazi iishe. Jaribio zuri ni mvuvi anayeshona nyavu Mikindani jioni, akikuruhusu: kimraba cha kwenye skrini kinachoonyesha kamera inalenga wapi kibaki juu ya jicho lake hata anapoinamisha kichwa. Lenzi ibadilishie ndani ya nyumba, kwani upepo wa pwani hubeba mchanga na chumvi, na kihisi cha kamera hii kiko wazi zaidi kwa kuwa hakuna kioo mbele yake.