Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi ngapi? Zoezi la klabu ya sayansi

Karibu kila daftari la sayansi lina sentensi hii: maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Ni kweli kwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji safi huchemka kwenye nyuzi 94 na kidogo, na hata ukijaza jiko mkaa hayapandi zaidi ya hapo. Zoezi hili linawafaa vijana wa darasa la sita hadi kidato cha nne, na linahitaji saa moja na nusu.

Vifaa kwa kundi la watu watano

Jiko la mkaa au la gesi, sufuria nyembamba yenye kina, lita moja ya maji safi, saa au simu, uzi imara, fimbo ya kuvuka mdomo wa sufuria, na kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110. Chagua chenye pombe nyekundu. Cha zebaki kikivunjika mbele ya watoto utakuwa na kazi nyingine kabisa. Kile cha kupimia homa hakifai, kwa sababu kinaishia nyuzi 42 na kitapasuka. Tafuta pia barafu ya mfuko, sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, na kipande cha tyubu ya baiskeli.

Jiko la mkaa likae nje au barazani penye upepo. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huku hushawishi watu kuingiza jiko darasani na kufunga madirisha. Usikubali. Moshi wa mkaa una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Hatua ya 1: kagua kipimajoto

Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayoharibu matokeo. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji kidogo tu ya kuziba nafasi, kisha tumbukiza kipimajoto na ukoroge kwa dakika tatu. Kinatakiwa kusoma 0, iwe Mbeya au Tanga, maana mwinuko hauigusi barafu kwa kiasi cha kuonekana. Kikisoma 1, andika pembeni kwamba utatoa 1 kwenye kila kipimo.

Kitazame pia kwa karibu. Ukiona mstari mwekundu umekatika vipande viwili, kipimo chochote kitakuwa cha uongo. Kiache wima kwenye barafu mpaka pombe ishuke, ukikigongagonga taratibu kwenye kiganja. Mara nyingi mstari huungana.

Hatua ya 2: wakisie kwanza

Kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango cha mchemko hushuka kwa nyuzi 1 hivi. Vijana wasome mwinuko wa shule yao kwenye simu, wagawe kwa 300, watoe jibu kwenye 100. Mbeya: 1,700 ÷ 300 ni 5.7, kwa hiyo 94.3. Iringa mjini, mita 1,600 hivi, ni 94.7. Ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela uko chini ya mita 500, kwa hiyo ni zaidi ya 98. Kila mmoja aandike kisio lake kabla jiko halijawashwa.

Hatua ya 3: chemsha na uandike

Funga kipimajoto kwa uzi kwenye fimbo ili kining'inie katikati ya maji, tungi lake likiwa sentimita mbili juu ya kitako cha sufuria. Likigusa kitako, utakuwa unapima joto la bati. Mmoja asome, mmoja aangalie saa, mmoja aandike, wawili walinde jiko. Soma kila dakika, jicho likiwa sawa na mstari na uso ukiwa mbali na mvuke.

Kwenye nyuzi 60 au 70 mapovu madogo huonekana ukutani mwa sufuria, na watoto hupiga kelele kuwa maji yamechemka. Bado. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Mchemko wenyewe ni pale mapovu makubwa yanapotoka chini na kupasuka juu bila kukoma.

Hatua ya 4: pepea moto

Hapa ndipo penye uhondo. Kipimo kikishatulia, wapepee jiko kwa nguvu dakika tano nzima, wakiendelea kuandika. Maji yatarukaruka, mvuke utaongezeka, lakini namba itabaki pale pale. Joto lote la ziada linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Wakichora grafu, mstari utapanda kisha ulale. Sasa waulize kwa nini maharage huchukua muda mrefu kuiva huku kuliko Dar es Salaam, na kama kuongeza kuni kunasaidia.

Kuna atakayetaja chumvi. Mruhusu ajaribu: kijiko kikubwa kimoja kwenye lita moja hupandisha kama nyuzi 0.3 tu, na kipimajoto chenu huenda kisione tofauti. Magadi nayo hulainisha maharage kwa kulegeza ganda na nyama yake, wala hayapandishi joto la maji.

Hatua ya 5: chemsha bila moto

Epua sufuria, subiri maji yafike nyuzi 65. Vuta mililita 5 kwenye sirinji, igeuze mdomo juu, usukume hewa yote itoke. Bana mdomo wake kwenye kipande cha tyubu, kisha uvute mpini kwa nguvu. Maji yatachemka mkononi, kwa sababu umepunguza mgandamizo wa hewa uliokuwa unayakandamiza, kama mwinuko wa Mbeya unavyoupunguza. Yasipochemka, kuna hewa iliyobaki au inayopenya mdomoni, au yamepoa, vuta mengine. Mlezi ndiye avute maji ya moto, kijana avute mpini.

Mkiwa na klabu rafiki Kyela au Makete, pigianeni simu mlinganishe vipimo. Kila upande uanze kwa kutaja kipimajoto chake kilisoma ngapi kwenye barafu.