Upinde wa kwanza wa tabaka mbili: mwanzi mgongoni, mti mgumu tumboni

Upinde wa matabaka huunganishwa kwa gundi badala ya kuchongwa katika kijiti kimoja. Huu una tabaka mbili tu. Mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, ni mwanzi. Tumbo, upande unaomtazama mpigaji, ni mti mgumu. Urefu ni sm 172, na nguvu ni kilo 16 hadi 18 ukivutwa sm 71. Usianze na kilo 25, hata kama una misuli: kadiri upinde unavyokuwa mzito kuvuta ndivyo kosa dogo la unene linavyouvunja upesi.

Upinde ukivutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Mwanzi huvumilia kunyooshwa kuliko karibu mti wowote, ndiyo maana unakaa mgongoni. Hapo hapo ndipo pinde nyingi za kwanza hufia. Mwanzi ukiachwa mnene hukataa kurefuka, mzigo wote huangukia tumbo, na tumbo huanza kutoa vistari vyembamba vinavyokatisha nyuzi za mti. Vistari hivyo havitibiki.

Mwanzi

Tafuta mwanzi uliokomaa, wa miaka 3 na zaidi, wenye kipenyo cha sm 10 au zaidi. Kipenyo kina hesabu yake. Ukikata ukanda wenye upana wa sm 3.2 kutoka kwenye mwanzi wa sm 10, mgongo wake huwa na mbinuko wa karibu mm 2.6. Ukisawazisha upande wa ndani uwe bapa hadi kingo zibaki na nusu milimita, katikati utakuwa na mm 3 hivi, ambazo ndizo tunazotaka. Mwanzi wa sm 8 utakulazimisha ubaki na karibu mm 4, na hizo ni nyingi kwa upinde wa nguvu hii.

Pasua mwanzi ukiwa mbichi na uanike vipande kivulini penye upepo, si juani, la sivyo vitajipinda na kupasuka. Mwanzi una wanga, na wadudu watoboao wanaupenda. Kuloweka vipande kwenye maji kwa wiki kadhaa, au kuvitia maji ya boraksi, kunawapunguza. Ukiona unga mweupe unadondoka, kipande hicho ni kuni.

Kabla ya kupunguza unene, kata umbo: sm 3.2 kutoka katikati hadi sm 45 kila upande, kisha ipungue polepole hadi sm 1.2 kwenye ncha. Ukianza na unene, kingo za ncha zitaisha kabla hujafika. Kisha piga randa upande wa ndani tu, hadi mm 3 katikati na mm 2 kwenye ncha. Ganda la nje usiliguse, zaidi ya kukwangua ile nta inayong'aa. Vifundo vipitishie msasa laini uondoe ukali wake, basi. Anayevisawazisha hadi viwe bapa hukata nyuzi zinazobeba upinde, na mgongo utapasukia hapo hapo.

Tumbo

Unahitaji ubao mzito, mkavu, usio na kifundo, ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Mkongo ni mzito na mgumu kuliko mninga, na unafaa zaidi. Mkole, mti wa pinde tangu zamani, ni mzuri sana ila ni nadra kuupata ubao mrefu mnyoofu. Mkaratusi unapatikana kirahisi lakini nyuzi zake mara nyingi zimejisokota. Mpaini uache, hauwezi kubanwa kiasi hicho. Ukitumia mvule vaa barakoa, vumbi lake huwasha pua na ngozi.

Pasua ubao upate sm 172 kwa sm 3.8. Sm 20 za katikati zibaki na unene wa mm 14, kisha upungue sawasawa hadi mm 9 kwenye ncha. Upande wa kuungia uwe bapa kabisa: uweke juu ya kioo, na mwanga usipite chini yake.

Gundi

Tumia epoksi inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika tano hukauka ukiwa bado unapaka. Gundi nyeupe ya fanicha hushika, lakini huteleza taratibu chini ya mvuto na kuachia siku ya joto.

Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 60 au 80, zifute kwa asetoni, hasa kama mti una mafuta, kisha usiziguse tena kwa vidole. Paka gundi kwenye mwanzi na kwenye mti. Laza mwanzi juu ya ubao, funika kwa karatasi ya nailoni ili gundi isishike usikotaka, halafu zungushia vipande vya tyubu ya baiskeli vyenye upana wa sm 2.5, ukianzia katikati kuelekea ncha, kila mzunguko ukipanda nusu ya uliotangulia. Vuta vya kutosha kukamua gundi kidogo kingoni. Usikaze kwa nguvu zako zote: epoksi ikikamuliwa yote, kiungo hubaki kikavu.

Sasa funga katikati kwa klempu juu ya mbao ya 2x4, mwanzi ukitazama juu, na weka kabari za sm 4 chini ya kila ncha. Upinde utakauka umejikunja kinyume, na hilo litafidia ule mkunjo wa kudumu ambao mti huuchukua ukishatumika. Acha saa 24 sehemu za joto, saa 48 sehemu za baridi.

Ukifungua, kata tumbo lifuate umbo la mwanzi, na viringisha kingo zote kwa mm 2. Kingo kali ndizo huinua vibanzi. Gandisha kishikio tumboni: kipande cha sm 20, unene sm 2.5, sm 10 za katikati zikiwa za mkono na sm 5 kila upande zikiteremka polepole. Kama mti unapinda chini yake, kitabanduka. Ndiyo sababu ya zile mm 14. Kwenye ncha usikate mwanzi. Gandisha kipande kidogo cha pembe au mti mgumu mgongoni, ukichonge mfuo wa ugwe (kamba ya upinde) kwa tupa ya duara ya mm 4.

Kusawazisha mpindo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Laza upinde juu ya kisimamizi (nguzo inayoshikilia kishikio), funga ugwe mrefu uliolegea, ufungie kamba inayopita kwenye kapi, weka mizani ya kuning'iniza, na vuta ukiwa umesimama mbali. Kwangua tumbo pekee, mwanzi kamwe.

Jitengenezee kipimo: kibao bapa cha sm 15 chenye tundu katikati na penseli ndani yake. Upinde ukiwa umepindwa kidogo, teleza kibao tumboni. Rekebisha penseli isiguse pale panapopinda zaidi. Itakapochora, hapo ni pagumu, hapo ndipo pa kukwangua. Sehemu inayopinda peke yake kama bawaba iache kabisa, punguza kwingine.

Nenda polepole, kwa sababu unene una nguvu ya ajabu: ukiupunguza kwa asilimia 10, ugumu hushuka kwa karibu asilimia 27, ilhali upana ukipungua kiasi hicho hicho ugumu hushuka kwa asilimia 10 tu. Kwangua mara chache, vuta mara 20 mti uzoee, ndipo uangalie tena. Usivute kupita kilo unazozikusudia, wala kupita pale ambapo kasoro inaonekana.

Ncha zikishuka sm 15 kwa usawa, funga ugwe mfupi, kwanza ukiwa sm 8 tu kutoka kishikio, baadaye sm 15. Ugwe uwe wa poliesta. Nailoni hurefuka mno. Mkono wa chini, yaani nusu ya upinde iliyo chini ya kishikio, ubaki mgumu kidogo: ugwe uwe karibu nao kwa mm 3 hadi 5 kuliko ule wa juu.

Simama ukiwa bado kilo 1 au 2 juu ya lengo, maana msasa wa mwisho nao hupunguza. Paka vanishi tabaka tatu, ukizingatia kingo ambako mwanzi na mti vinakutana. Usiachie ugwe bila mshale, na ukimaliza kupiga, fungua ugwe.