Jinsi ya kuifaidi ile "Pa-pa-pa" ya Papageno na Papagena, klipu moja baada ya nyingine

Kama hujawahi kusikiliza opera hata siku moja naomba uanzie hapa, dueti (wimbo wa watu wawili) ya Papageno na Papagena kwenye Die Zauberflöte, opera ya Kijerumani ya Mozart, yaani Filimbi ya Kichawi, ilioneshwa mara ya kwanza Vienna tarehe 30 Septemba 1791 na Mozart mwenyewe akafariki Desemba hiyo hiyo. Ni dakika mbili tatu tu, kwahiyo unaweza kuangalia klipu nne kabla chai haijapoa.

Ila stori ujue kwanza, manake bila stori utaona watu wawili wanababaika tu. Papageno ni mtega ndege, kavaa manyoya, anachotaka duniani ni chakula, mvinyo na mke. Papagena alishamtokea akiwa bibi kizee anadai ana miaka 18 na dakika mbili, alafu akageuka binti mzuri na hapo hapo akaondolewa. Jamaa kakata tamaa mpaka kashika kamba ajinyonge, wanatokea vijana watatu wanamwambia si upige kengele zako za kichawi, anapiga, na binti huyo hapo mbele yake. Sasa mtu katoka kwenye kitanzi sasa hivi atasema nini? Anasema "Pa". Na binti naye, "Pa".

Mara ya kwanza usisome tafsiri, sikiliza hizo Pa tu. Zinaanza moja moja na kaukimya katikati, alafu zinasogeleana, zinakimbizana, mpaka jina zima linatoka, na hapo kumbuka kila mmoja anaita jina la mwenzie, yani mwanaume ndo anaita Papagena (wengi tunachanganya). Kale kaukimya ndo utamu wote kwangu, noti ni zile zile tangu 1791 ila kila waimbaji wanakajaza kivyao, wengine aibu, wengine hawaamini macho yao, wengine wanachunguzana kama kuku wageni bandani.

Baada ya hapo linganisha. Tafuta ya Covent Garden, jumba la opera la London, ya 2003, Simon Keenlyside ndo Papageno, huyo muangalie mwili kuliko mdomo, mabega na miguu vyote vinaimba. Alafu filamu ya Ingmar Bergman ya 1975, wanaimba Kiswidi, wanavuana makoti ya baridi huku majira yanageuka kutoka theluji kwenda machipuko, mi hapo huwa nasimamisha narudisha nyuma. Usiache pia ya Isango, kundi la Cape Town, Impempe Yomlingo, okestra yote wametoa wakaweka marimba, na zile Pa juu ya mbao zinadunda kuliko kwenye fidla, kwa masikio yangu hiyo ndo inacheka zaidi.

Tafsiri isome raundi ya mwisho, sehemu ya watoto watakaozaa, wanapangiana kwanza Papageno mdogo, alafu Papagena mdogo, alafu mwingine, na mwingine. Na kama una mtoto nyumbani muite. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitano, Kijerumani hajui hata neno, nilimuwekea mara moja tu, jioni nikamsikia mlangoni kwa bibi yake anagonga anaita "Pa", ananyamaza, anasubiri ajibiwe.