Siku moja St. Petersburg kutoka melini: jinsi ya kuomba ruhusa ya kushuka

Kwanza soma ratiba ya meli vizuri. Tangu 2022 kampuni kubwa za Magharibi za meli za kitalii zimeacha kupita Urusi, kwa hiyo usiamini tangazo la zamani. Ikiwa meli yako kweli inatia nanga St. Petersburg, kuna njia mbili za kushuka, na uamuzi ufanywe ungali nyumbani. Gatini hakuna anayeuza viza.

Njia ya kwanza ni saa 72 bila viza. Sheria ya Urusi inampa abiria wa meli ya kitalii nafasi hiyo mradi atoke na ziara iliyopangwa na kampuni ya utalii yenye kibali. Pasipoti si lazima iwe ya nchi fulani. Yenye kuangaliwa ni meli na ziara.

Ukichagua njia hii, nunua ziara kwa meli yenyewe au kwa kampuni ya mjini inayopeleka majina kwa wakala wa meli. Watakutaka majina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya pasipoti na tarehe inapokwisha. Hapa ndipo wengi hukosea. Fungua ukurasa wenye picha, utazame mistari miwili ya chini yenye alama hizi: <<. Katika mstari wa juu, baada ya herufi tatu za nchi, jina lililo kabla ya << ndilo la ukoo. Yanayofuata ni majina mengine. Yanakili hivyo hivyo. Mwenye majina matatu aliyezoea kuanza na lake, kisha la baba, kisha la babu, akijaza kwa mazoea, tiketi yake ya ziara haitalingana na pasipoti, na afisa wa kibanda cha pasipoti hana muda wa kusikiliza ukoo wa mtu. Tiketi ikifika, ichapishe nakala mbili. Ya simuni peke yake haitoshi, betri ikizima umekwama.

Njia ya pili ni viza, kwa anayetaka kutembea peke yake. Kama nchi yako imo kwenye orodha ya viza ya kielektroniki, unaomba kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Urusi kwa picha na nakala ya pasipoti, na jibu huchukua siku 4 hivi. Ada ni kama dola 52. Hakikisha bandari yako imo kwenye orodha ya vituo vinavyoipokea. Na ujue kwamba ni ya kuingia mara moja tu: meli ikitoka St. Petersburg kwenda nchi nyingine, kisha ikarudi bandari yoyote ya Urusi, viza hiyo imekwisha kazi. Kama nchi yako haimo, nenda ubalozini mapema.

Mpakani utapewa kadi ya uhamiaji yenye vipande viwili. Vyote viwili viwe na maandishi yale yale: herufi za Kilatini, tarehe kwa siku, mwezi, mwaka, na lengo la safari ni utalii. Afisa hubaki na kimoja. Chako kiweke ndani ya pasipoti, kisitoke humo mpaka urudi melini, maana utaulizwa unapotoka.

Meli kubwa hutia nanga Morskoy Fasad, bandari ya abiria iliyo magharibi mwa kisiwa cha Vasilyevsky. Kituo cha metro kilicho karibu ni Primorskaya, na kutoka hapo Gostiny Dvor, palipo barabara ya Nevsky katikati ya mji, ni vituo viwili. Beba fedha taslimu: kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi tangu Machi 2022. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika, ubadilishe benki. Jumba la makumbusho la Hermitage hufungwa Jumatatu na jumba la kifalme la Catherine kule mji wa Pushkin hufungwa Jumanne. Anayeuza ziara ya Jumatatu yenye Hermitage ndani muulize mara mbili.

Mtego mkubwa ni usiku. Majira ya joto madaraja ya mto Neva hufunguliwa ili meli zipite, kuanzia kama saa saba usiku, na mengine hayarudi chini mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri. Aliyechelewa katikati ya mji anaona taa za Vasilyevsky ng'ambo na hana pa kupita. Njia iliyobaki ni teksi kupitia barabara kuu ya kulipia, inayozunguka upande wa bahari, ambayo daraja lake halifunguliwi kwa meli. Bei yake haipunguzwi kwa mwenye haraka.